Likizo ya Binti Aliye Algeria

Hapa Shanwe ukiulizia nyumba ya mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Mwamkulu, yeyote atakufikisha mlangoni kwangu. Shule niliishia darasa la saba, na silifichi hilo. Nilianza na gunia la dagaa wa Ikola nyuma ya baiskeli, leo magari yanayobeba mchele ni yangu. Sikubebwa na mtu.

Lakini ninachojivunia kuliko vyote hakipo hapa. Ni binti yangu mkubwa, anayesomea famasi Algeria. Katika ukoo wetu wote uliotoka Usukumani ukiswaga ng'ombe, hakuna mwingine aliyepanda ndege kwenda shule. Mtafuteni, hamtampata.

Nilijua nitamkumbuka, ila si kiasi hiki. Na kwetu baba hamwambii binti yake mtu mzima kwamba amemkumbuka. Hayo hupitia kwa mama. Kwa hiyo mke wangu anapiga simu, mimi nakaa pembeni najifanya natazama taarifa ya habari.

"Muulize kama anakula."

"Baba yako anauliza kama unakula."

"Mwambie nakula mikate, Mama. Asubuhi mkate, mchana mkate, hata wali huku wanasindikizia na mkate!"

Mke wangu akatengeneza michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyovianika juani mpaka vikauke kau. Tukampa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anarudi huko. Mzigo ulipofika, binti alipiga simu anacheka mpaka anakohoa. Mwenzake wa chumbani, msichana wa Mali, alikuwa na mafua. Akadhani ile michembe ni magome ya dawa, akaichemsha, akaimwaga yote, akanywa maji yake.

"Na amepona, Mama! Anaulizia dozi nyingine!"

Nilicheka, halafu nikatoka nje. Kicheko kile ndicho kilichokuwa kinaijaza nyumba hii, sasa kinatoka kwenye simu.

Nikaanza kuingoja likizo kubwa. Nilishatenga dume la kuchinja na kuwatangazia majirani kwamba anakuja. Tiketi kwangu si jambo la kukaliwa kikao. Ndipo binti akapiga kusema amepata nafasi ya mazoezi ya kazi kwenye famasi ya hospitali, likizo nzima. Anaomba ruhusa abaki.

"Mwambie arudi nyumbani," nikasema.

Mke wangu hakuyarudia. Akanisogezea simu. "Mwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kukubebea maneno."

Nikamwona kwenye kioo cha simu, amevaa sweta zito, uso umepungua.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Baba, ukisema nirudi, nitarudi. Na sitanuna."

Mimi ninayepangia madereva na wakulima, hapa nilihitaji neno moja tu, "rudi". Ningelitamka, angekuwa hapa sebuleni. Nyuma yake ukutani alikuwa amebandika makaratasi ya maneno ya Kifaransa. Mwaka wa kwanza aliingia darasani haelewi kitu, akirudi chumbani analia, na mama yake alinificha hilo muda mrefu.

"Ninyi wanafunzi wa kigeni mmechaguliwa wangapi?" nikamuuliza.

"Peke yangu, Baba."

Nikayatazama tena yale makaratasi ukutani.

"Basi baki," nikasema. "Ila mimi nimekukumbuka."

Mke wangu akageuka kunitazama kama anaona mgeni. Binti akainamisha kichwa, akajifuta macho na mkono wa sweta.

"Usikate simu, Baba. Nataka kupika. Kaa tu hapo."

Akaiegemeza simu mahali, nikawa namwona mgongo na sufuria inatoa mvuke. Yule wa Mali akaingia, wakaanza kuongea Kifaransa harakaharaka, wakasukumana, wakacheka. Sikuelewa hata neno moja. Nikaongeza sauti ya simu.