Noti Tano na Pumzi za Juju

Nakumbuka alasiri moja kule Kanyakine, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na sauti ya gitaa yangu inatoka barazani polepole kama haina mwenyewe. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, sina haraka, kichwa kimejaa muziki. Nakwambia haya kwa sababu jana nilikusikia chumbani ukipiga skeli mbio mbio, nikacheka peke yangu. Usikasirike. Nilikuwa najicheka mimi.

Gitaa niliazimwa na binamu yangu wa Nchiru. Aliyenifundisha kuishika ni mwalimu mmoja wa muziki huko Kaaga, dada mpole aitwaye Gatwiri. Alinionyesha skeli ya pentatoniki, ile ngazi ya noti tano tu. Unaanzia uzi mnene: kidole cha shahada kwenye freti ya tano, vile vyuma vya shingo ya gitaa, kidole kidogo kwenye ya nane, kisha uzi unaofuata, ya tano na ya saba, unapanda hivyo mpaka uzi mwembamba kabisa, halafu unarudi ulikotoka.

"Hizi tano haziwezi kukuaibisha," aliniambia. "Zipange utakavyo, zitapatana. Lakini enda nazo polepole."

Nilishika hilo la kutoaibika. Hilo la polepole liliingia sikio hili likatokea lile.

Basi nikawa napiga kutwa. Vidole vikachubuka, vikaota sugu. Nilipanda na kushuka mpaka nikasahau kama nimekula, na wakati mwingine nilihisi baraza lenyewe linaelea ndani ya ule ukungu, mimi na kiti changu tunakwenda nalo. Ni raha ya ajabu. Wewe unaijua, ndiyo maana huitiki ukiitwa.

Juju, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akikaa nami pale akichambua maharagwe. Kifua kilikuwa kimemsumbua siku nyingi na pumzi yake ilikuwa fupi. Zamani alikuwa mwimbishaji wa akina mama waliokuwa wakilimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Alasiri hiyo, nikiwa katikati ya skeli, akaanza kuimba. Mwanangu, nywele zilinisimama! Wimbo wake ulikuwa umelala palepale ndani ya noti zangu tano, haukutoka nje hata kidogo. Nikaurukia kwa furaha, nikajaza kila mahali palipokuwa wazi. Akanyamaza.

Ikawa hivyo kila alasiri. Anaanza, naingia, ananyamaza. Mama akaniambia nimwache apumzike, kwani sioni ninamchosha? Hapo niliogopa. Katika kile kikundi cha akina mama hakuna aliyebaki wa kuuimbisha wimbo ule isipokuwa Juju. Mama alijua vipande vya kujibu tu, tena si vyote. Juju akiondoka nao, basi, hatutausikia tena. Nikamuuliza kwa upole kama ameusahau.

"Nisahau nini?" Alinitazama kama nimemtukana. "Wewe Mwenda, mimi naita, wenzangu wananijibu. Sasa wewe unajibu kabla sijamaliza kuita. Mimi nitapumua saa ngapi?"

Nikaangalia vidole vyangu juu ya nyuzi.

"Weka hiyo kitu chini," akaendelea. "Chukua jembe, enda umsaidie mama yako."

Mama alikuwa akipalilia maharagwe hapo mbele ya nyumba. Nikashuka nimenuna, maana nilidhani nimefukuzwa. Kumbe Juju alikuwa ananipeleka shule. Alianza kuimba akiwa kitini, na mama, bila kuambiwa, akainua jembe akalishikilia hewani. Juju akamaliza mstari wake. Ndipo mama akajibu na jembe likashuka, na wakati linazama udongoni Juju alikuwa anavuta pumzi. Nikaona. Wimbo ule ulitengenezwa na watu wanaochoka, kwa hiyo kila mmoja aliwekewa mahali pa kupumzikia, na mwimbishaji pa kwake palikuwa wakati wengine wanajibu. Mahali hapo ndipo nilipokuwa nimepajaza noti siku zote.

Nililishusha jembe mapema mara kadhaa. "Utajikata mguu, fundi wa gitaa," mama akanicheka. Mwishowe mkono ukazoea kungoja.

Tulipomaliza mistari yetu ya maharagwe nikanawa mikono, nikarudi barazani. Juju alipoita, nilitulia. Alipofika mwisho nikajibu kwa noti tatu, zile za juu, moja moja. Akavuta pumzi, akaendelea. Safari nyingine nilijibu kwa noti mbili tu. Alikwenda mbali kuliko alivyowahi kwenda, macho ameyafumba, na mama akaja kukaa ngazini na udongo wake mikononi. Tulifika sehemu ambayo hatukuwahi kuisikia, ya kuwataja waliolima pamoja. Juju alimwita kila mwenzake kwa jina, wengi wao marehemu, na kwa kila jina nikamjibia kwa gitaa. Akamwita mama, na mama akajibu mwenyewe.

Kisha akaita, "Mwenda."

Vidole vikaganda. Machozi yalinitoka, sikuficha. Juju akafumbua macho akaningoja, kifua kikipanda na kushuka.

"Jibu," akasema.

Nikapiga noti moja.

Mwanangu, skeli ifanyie mazoezi kila siku, vidole viijue kuliko njia ya kwenda msalani. Lakini ifundishe vidole hivyo kukaa kimya pia. Piga noti moja, iache iishe yenyewe, ndipo upige ya pili. Ukicheza na mtu, msikilize anapumua wapi, na hapo umngoje. Ufanye hivyo hata ukiwa huna gitaa, nyumbani, kazini, na kwa huyo utakayemuoa. Na kama kuna mzee ana wimbo, keti naye sasa.

Mungu akulindie mikono yako na masikio yako. Akupe watu wa kukujibu unapoita, na siku wewe utakapotajwa kati yao, uwepo, usikie, na ujibu.