Kipaumbele kwa Wakazi

Zamani fundi mwashi alifuatwa nyumbani kwake na mtu aliyevua kofia mlangoni. Siku hizi anaitwa na karatasi iliyobandikwa ukutani, nayo haimtaji jina.

Karatasi hiyo Leodegari aliisoma mara mbili, mikono nyuma, mbele ya ofisi ya mtaa huko Mfaranyaki. Serikali inajenga wodi ya wazazi kwenye zahanati. Mafundi na vibarua wanahitajika, na kipaumbele ni kwa wakazi wa eneo la mradi. Akacheka peke yake, cheko la mtu aliyeshinda kesi, kwa maana maneno yale yalikuwa yake. Miaka mitatu nyuma, mkandarasi alipokuja kujenga madarasa na lori zima la watu wake, hata wa kukoroga zege akiwatoa mbali, ni Leodegari aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa akasema mtu haletewi mpishi nyumbani kwake hali mkewe yupo. Mkutano ulipiga makofi. Maneno yakaandikwa kwenye muhtasari, yakapanda ngazi za ofisi moja baada ya nyingine, na sasa yalikuwa yameshuka yakiwa na muhuri.

Alipotoka pale alipiga simu mbili kwa waashi wenzake wa zamani, moja Nalasi kwa Abuu, nyingine kijijini Namtumbo kwa Emiliani.

"Kazi imepatikana," alimwambia Emiliani. "Ya serikali, na ni ya wenyeji. Njoo na mwiko wako."

"Kwani mimi ni mwenyeji wa huko?"

"Umelala kwangu viangazi kumi na saba. Unataka uwe mwenyeji kiasi gani?"

Hakuwa anatania. Waashi wa rika lake walikaa nyumbani kwa fundi mkuu tangu kuchimba msingi hadi kuezeka. Walikula chungu kimoja, waliuguzana, na aliyefiwa alichimbiwa kaburi na wenzake. Aliyelala kwako kiangazi kizima alihesabiwa wa kwako, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza katoka wapi. Mke wa Leodegari alipofariki, Abuu na Emiliani ndio waliobeba jeneza upande wa kichwani. Tangu mazishi yale nyumba ilibaki na vyumba vitatu na sufuria moja inayotumika. Watoto wake wako Makambako na Dar es Salaam, wanatuma salamu.

Alifagia chumba cha wageni kwa mkono wake. Godoro la pili aliliazima kwa jirani, Lidwina, mjane kama yeye.

Walifika Jumanne. Abuu, Myao wa Nalasi, alianza utani kabla hajatua mfuko.

"Nyie Wangoni mlitukimbiza na mikuki, leo mnatupigia simu tuje tuwajengee. Dunia imekwisha."

"Ungejua kukimbia nisingekupata."

Abuu alichungulia ndani. "Nyumba inanuka uzee hii. Unaoa lini?"

"Nikipata mwanamke asiyekujua wewe."

Emiliani, mtu wa maneno machache, alikuwa tayari jikoni anachochea moto. Jioni ile nyumba ilipata kelele kuliko mwaka mzima uliotangulia, na Leodegari akala ugali mpaka akajishangaa.

Asubuhi wakaenda ofisini. Foleni ya vijana wa mtaa ilifika barabarani, karibu kila mmoja amezibwa masikio na vidude vya muziki. Mtendaji wa mtaa, binti aitwaye Kasiana, alisimama kumwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Tuandike watatu."

Jina la Leodegari aliliandika bila kuuliza. Kisha akafungua daftari la wakazi, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa.

"Hawa wazee siwaoni, babu."

"Wanakaa kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

Vijana wakacheka. Kasiana naye alicheka, lakini kalamu haikusogea.

"Utaratibu unataka miezi sita mfululizo. Mimi sikatai, babu. Sema tu kwamba wamekaa kwako miezi sita, uweke sahihi hapa, nami nawaandika. Wewe nani atakubishia?"

Ilikuwa sentensi moja tu. Akiisema, wangejenga wote watatu, na nyumba ingekuwa na watu mpaka masika. Alikwishafungua kinywa, ndipo Lidwina aliposema kutoka kwenye foleni, alikosimama na mwanawe mkubwa. Hakupandisha sauti.

"Godoro umeliazima kwangu juzi, baba. Na yale ya mpishi na mke wa nyumba, si wewe uliyetufundisha? Waashi wanatakiwa sita. Ukiingiza hao wawili, huyu wangu anarudi nyumbani."

Leodegari alimtazama kijana, aliyejifunza uashi chuoni na hajapata kuajiriwa hata siku moja. Akamtazama Abuu, naye Abuu alikuwa anatazama dari. Akafunga kinywa. Hakusema wamekaa, wala hakusema hawajakaa. Kasiana alingoja, akangoja tena, mwishowe akasema taratibu, "Anayefuata."

Walirudi kwa mguu bila haraka.

"Ametenda haki," Emiliani alisema, kama anayezungumzia mtu asiyekuwepo, ingawa Leodegari alikuwa ubavuni pake.

"Nani kasema si haki?" Abuu akajibu. Baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Mbesa, upande wa kwetu, kuna mtu anajenga nyumba ya kupangisha. Twende wote. Huko mimi ndiye mwenyeji, nitakuandika wewe."

Leodegari alisema jina lake limeshaandikwa. Mtu aliyeidai kazi mbele ya mkutano hawezi kuikimbia siku ya kwanza, watu watamwonaje. Atawafuata wodi ikiisha.

Wodi ikapanda. Enzi zake tofali lilikwenda na wimbo. Wa chini anaimba na kurusha, wa juu anaitikia na kudaka, na ukikosea wimbo unakosea tofali. Hapa kila mtu alikuwa na wimbo wake sikioni. Saa saba kila mmoja alifungua chakula chake na kukila ameinamia simu. Vibarua waliokaa mtaa mmoja tangu utotoni hawakujua nani kafiwa wala nani mkewe kajifungua. Mwana wa Lidwina alikuwa fundi mzuri kweli, na hilo lilimuuma Leodegari zaidi, maana hakupata hata la kumgombeza. Siku moja alimtupia mzaha kuhusu mwiko wake mpya.

Kijana alichomoa kidude sikioni kwa heshima. "Unasemaje, mzee?"

"Hakuna."

Mwanzoni Abuu alipokea simu. Wako Mbesa, kazi inakwenda. Baadaye sauti ya mtambo ikawa inasema namba haipatikani, na ya Emiliani hivyo hivyo. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, na mgeni rasmi akawasifu wakazi waliojijengea kwa mikono yao. Leodegari alipiga makofi na wengine. Wiki ile ile alipanda basi hadi Mbesa. Nyumba ilikuwa na wapangaji na nguo kambani, na hakuna aliyejua mafundi wameelekea wapi. Kwenda kuwaulizia Nalasi aliona haya. Angefika aseme nini?

Mara ya mwisho alipowaona ilikuwa asubuhi iliyofuata ile ya ofisini. Walikataa chai, wakasema basi halingoji. Aliwasindikiza hadi barabarani amebeba mfuko wa Emiliani, na hakuna aliyemzuia. Bodaboda ilikuwa moja tu, wakapanda mshikaki, Emiliani katikati na vifaa mapajani, Abuu nyuma, magoti nje kama panzi.

"Na wewe mzee, unakwenda?" dereva aliuliza.

Leodegari alisema hapana, yeye ni wa hapa hapa.

Pikipiki ikaondoka. Abuu aligeuka mara moja, mkono mmoja umeshika mfuko usidondoke, kisha lori la mchanga lililokuwa linakata kona kuingia zahanati likawaziba, na lilipopita barabara ilikuwa tupu.