Muhogo Uliokataa Kuchacha

Nimeua samaki wa mjane, na kabla ya kuwaua nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa sumu niliyokuja kuwaulia. Kosa ni langu, msimtafute mwingine.

Mimi ni shemasi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mtu wa Fizi kule Kongo, mwenye mdomo mrefu kuliko akili. Mwaka huu nilialikwa semina Lilongwe, katika ukumbi wenye feni na soda ya bure. Muuzaji wa dawa za maji alitueleza habari za nano: punje za madini ya fedha, ndogo mno, macho hayazioni, zinaelea ndani ya maji. Ukitia matone, alisema, vijidudu vyote vinakufa. Niliposikia "ndogo" nikajua ni kitu cha upole. Soda ya pili ikanimalizia maswali yote. Nikarudi nyumbani na mfuko wa chupa, wakala kamili!

Jaribio la kwanza lilikuwa pipa la mke wangu. Wa kwetu mnajua, muhogo mchungu unalowekwa mpaka uchache na kulainika, ndipo unaanikwa na kutwangwa. Harufu yake ilinitia aibu, maana niliona wakala wa nano hawezi kunuka muhogo. Nikatia dawa. Siku zikapita, maji yakabaki safi, na muhogo ukabaki mgumu kama kuni.

"Shemasi," mke wangu akasema, na huniita hivyo akikasirika tu, "hii dawa yako inauaka hata bile bidudu binatusaidiaka. Hii muhogo haiwezi kulainika tena."

"Si unaona nguvu yake?" nikamjibu.

Jumapili nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nikaeleza jinsi matone machache yalivyomaliza harufu ya pipa zima. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwamba muhogo wenyewe tuliutupa, hilo sikulikumbuka.

Sasa jirani yetu, nimwite Mama Riziki. Ni mjane. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalitandika plastiki, akafuga vifaranga vya kambare. Mgao wa chakula unazidi kupungua, na shimo lile ndilo lilikuwa tumaini lake la kulisha watoto bila kumsubiri mtu. Alipokwenda Mponela kutafuta pumba, aliniachia mimi nilinde na kulisha.

Maji yalikuwa yameanza kuwa ya kijani. Nikasema moyoni, mama huyu atashangaa akirudi. Nikamimina chupa nzima. Na kwa kuwa nampenda kama dada yangu, nikaongeza nyingine.

Alishangaa kweli. Alipofika, samaki walikuwa wanatweta juu ya maji, midomo wazi. Jioni walielea matumbo juu. Alichutama ukingoni akiwaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye beseni.

"Ni jua, shemasi," akasema. "Ao ni mi nilibalisha mingi mbele ya kwenda."

Nami, mtu wa Mungu, nikaitikia, "Jua ni kali, mama." Nalichukia jibu hilo mpaka leo.

Nilipanda gari mpaka Lilongwe kumtafuta muuzaji. "Pepani, achimwene," akaniambia, yaani pole ndugu, "kwenye samaki hapana. Zile punje zinaganda kwenye matamvua, samaki anakosa pumzi. Hata kijitoni usimwage." Nikamuuliza mbona semina hakusema. Akasema hakuna aliyeuliza. Ni kweli, mimi nilikuwa nakunywa.

Ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini juzi Mama Riziki alikuja kwangu uso umechangamka. Mtu mmoja wa Uvira amemgawia vifaranga vingine.

"Shemasi," akasema, "bado nakumbuka ushuhuda yako ya muhogo. Unipatie kidogo ya ile maji, nitie mu shimo, aba basikufe tena."

Nikakaa kizingitini. Nikamwambia yote, na ile chupa ya pili pia.

Mama Riziki akasema, "Kumbe mi niko najilaumu hii wakati yote." Akafunga kitenge chake vizuri, akageuka kuondoka. "Ile ya muhogo ulisema mbele ya bantu. Na hii utasemea pale pale."

Plastiki ya zamani, iliyoshika dawa, nimeitoa kwa mikono yangu, nimemtandikia mpya. Hiyo ilikuwa kazi rahisi.

Jumapili hii ndiyo zamu yangu ya kuyasema kanisani. Nawaandikia ninyi kwanza ili nizoee kuyasema. Ndugu zangu, mtu akikuletea dawa inayoua vyote, muulize hivyo vyote ni nini na nini, tena uulize kabla hujaonja soda yake. Na mke wako akikuonyesha pipa la muhogo, angalia muhogo, usiangalie maji.

Akina mama watajiandaa kupiga vigelegele nikishika kipaza sauti, wamenizoea. Mama Riziki hukaa benchi la mbele.