Mawese ndani ya kompreseri

Baba yangu muzazi, Papa Félicien, alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye fabriki ya barafu, karibu na bandari ya Kalemie. Alitunza kompreseri, ile mashini inayosukuma gesi ya baridi kwenye mabomba. Kila asubuhi aliweka kiganja juu ya tumbo la mashini na kuhesabu. Akifika kumi bila kuungua, mashini ni nzima. Akishindwa, anaizima. Wamama wauza samaki walimuchukia kwa hiyo, maana barafu ikichelewa, samaki zao za mikebuka zinaoza.

Mwaka 1977 pipa la mafuta ya mashini lilipotea kwenye depo ya fabriki. Shefu Nicolas, mukubwa wa fabriki, akaleta bidoni ya mawese.

"Mimina. Mafuta ni mafuta."

"Na yale ya pipa iko wapi, shefu?"

"Uliandikwa kazi ya kupaka mafuta ao ya kuuliza?"

Papa alijua anaweza kufukuzwa. Akazima mashini, akakaa mulangoni. Shefu akatoka kwa wamama: "Barafu hakuna. Muulizeni huyu muzee."

Nilikuwa nimemuletea Papa bugali, na mutoto wangu Odile mugongoni. Mama Victorine, mwenye masinia matatu ya samaki, alimutemea Papa mate miguuni.

"Félicien, roho yako imeoza kuliko samaki zangu!"

Nikaenda kwenye bidoni ya shefu. Nilichota kijiko cha mawese, nikayamwaga juu ya kipande cha barafu kilichobaki. Yakaganda pale pale, mazito kama nta. Wote pale wanapika na mawese, hawakuhitaji kuelezwa.

"Mabomba ya ndani iko na baridi kama hiyo," Papa alisema.

Mama Victorine aliangalia kijiko, akaangalia samaki zake.

"Hiyo ni ya kesho. Mimi nataka barafu ya leo."

Shefu alimufukuza Papa kazi mbele yao, akamimina mawese mwenyewe. Wamama wakapiga makofi. Siku ya tatu mashini ikalia kama mbuzi anayechinjwa, ikakwama.

Shefu akaja kwetu. "Papa Félicien, kuja uangalie kidogo."

Papa alikuwa anakula. Hakumupa kiti.

"Ile si kompreseri tena, shefu. Sasa njo sufuria ya mawese. Weka chumvi."

Mpaka leo Mama Victorine anasema ni Papa njo aliroga mashini. Sokoni hanisalimii, na mimi nanunua samaki za ndakala kwa mwingine.