Zima Muziki Tuone

Walikuwa wakimpigia simu ili aseme ng'ombe.

Kipindi kilikuwa cha salamu, Jumapili alasiri, katika televisheni yetu ndogo ya mtandaoni iliyokuwa juu ya duka la mazulia huku Kilburn, London. Kazi ya mtangazaji ilikuwa ile ile anayoijua kila aliyekulia kwetu: unapokea simu, unauliza nani anapiga na yuko wapi, anataja anaowasalimu, anatoa ujumbe, unapiga wimbo. Lakini mtangazaji huyu alikuwa na sura ya Kichina, kwa hiyo simu zilikwenda hivi:

"Haloo, studio? Napiga kutoka Queensbury."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba! Mmesikia? Kasema shikamoo! Haya mwanangu, sema ng'ombe."

"Ng'ombe."

"Sema tena."

"Ng'ombe. Baba, huyu ng'ombe ameshapita mara mbili, atachoka. Unamsalimia nani leo?"

Mzee alicheka mpaka simu ikakatika. Hakumsalimia mtu.

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, kwenye mitambo. Kazi ya sauti nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa kufungua vifaa vibovu mezani kwangu nikitoka kazini. Mchana nawatunza wazee majumbani mwao. Mtangazaji aliniita kaka. Alizaliwa Toronto. Wazazi wake, waliotoka kusini mwa China, walikuwa na mgahawa uliowachukua tangu asubuhi hadi usiku, na mtoto wao akalelewa na jirani, mama mmoja wa Tanga, pamoja na watoto wake mwenyewe. Kiswahili alikipata jikoni kwa mama huyo kabla hajaanza shule. Aliimba kwenye harusi za Watanzania wa kule akiwa binti mdogo, baadaye akatangaza vipindi vya watoto katika televisheni ya Kanada, akatoa albamu ya Kiingereza ambayo mwenyewe alisema aliyeinunua ni shangazi yake. London alikuja kufundisha kuimba. Kwetu alikuja kwa sababu alitaka kitu kimoja: kipindi cha muziki kwa Kiswahili, atangaze na aimbe, basi.

Mkurugenzi wetu alimwita Dada Mchina. Nilimweleza kwamba huyu ni Mkanada, akasema hilo halichekeshi. Siku moja akaniambia, "Fundi, akianza kuongea weka ile kengele yao kubwa, ile ya kwenye filamu za kupigana."

"Ya nini?"

"Ya kuchangamsha."

Nikakataa. Akaiweka mwenyewe kwenye tangazo la kipindi, ikalia wiki baada ya wiki.

"Iache, kaka," dada aliniambia. "Watazoea."

Hawakuzoea. Alipoanza kufunga kipindi kwa wimbo mmoja wa kuimba papo hapo, uvumi ukaanza kwenye maoni: anafungua mdomo tu, ni pleibeki, kuna mwanamke wa Zanzibar nyuma ya pazia. Watu wazima waliandika hayo, wauguzi, wahasibu, walimu. Watu ambao kila siku ofisini huulizwa wametoka wapi hasa, wakajibu Kilburn, wakaulizwa tena, lakini kwa kweli hasa. Wanarudi nyumbani wamevimba kwa hasira, wanavua viatu, wanawasha simu na kumfanyia mwenzao jambo lile lile. Binti yangu amezaliwa hapa. Ukimsemesha kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na hawezi kuagiza chai kwa lugha ya bibi yake. Hakuna aliyewahi kumwambia athibitishe chochote. Wanampapasa kichwa na kusema mtoto wetu.

Mkurugenzi angeweza kukanusha kwa sentensi moja. Badala yake aliyasoma maoni yale hewani, kwa sauti ya kuchekesha, kwa sababu watazamaji walikuwa wanaongezeka.

Kisha ikaja sherehe ya televisheni, katika ukumbi wa kukodi Stratford. Alikuwa aje mtu kutoka kituo kimoja cha Dar es Salaam, anayetafuta mtangazaji wa kipindi cha muziki. Dada alijua, sote tulijua. Alifanya mazoezi kwa mwezi mzima kwenye chumba chetu cha kuhifadhia vifaa. Bendi hatukuwa na uwezo nayo, kwa hiyo ala tulizirekodi na yeye angeimba juu yazo kwa maikrofoni. Ndivyo waimbaji wetu wengi wanavyofanya kwenye sherehe za hapa, na hakuna anayewaita waongo.

Kabla hajapanda jukwaani mkurugenzi alikuja kwenye meza yangu.

"Ubeti wa pili ukifika katikati, zima muziki. Watu waone ni sauti yake."

"Mwenyewe anajua?"

"Akijua utamu unaisha."

"Basi sizimi."

"Fundi, namsaidia huyu."

"Mwulize kama anataka kusaidiwa."

Akaondoka. Nilidhani yamekwisha.

Dada alipanda akiwa na gauni la kijani, akawaamkia wazee wa mstari wa mbele, akaanza. Aliimba vizuri kuliko mazoezini. Mwishoni mwa ubeti wa kwanza kina mama walikuwa wameshaanza kuinuka na kutikisa leso. Ubeti wa pili ulipofika katikati, mkono wa mkurugenzi ukapita begani kwangu na kushusha kitufe. Kwenye mitambo ile kila sauti ina kitufe chake cha kupandisha na kushusha: ala kimoja, maikrofoni kingine. Mwishoni kabisa kipo kinachoshika vyote. Alishusha hicho.

Ala zikanyamaza, na maikrofoni ikanyamaza. Ukumbi mzima ukamwona mwanamke wa Kichina akifungua mdomo bila sauti.

Nilimsukuma mkono na kukipandisha mara moja, lakini kelele ilikuwa imeshalipuka. "Pleibeki! Pleibeki!" Vijana walipanda juu ya viti. Mtu nyuma yangu alipiga ukelele, "Zima tena tuone!" Mkurugenzi alikuwa ameganda, kisha nikamwona anaanza kutabasamu, maana simu zote zilikuwa juu zinarekodi. Binti yangu, aliyekaa kando yangu, aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini wanampigia kelele mtu anayeimba.

Dada aliacha kuimba. Akaiweka maikrofoni sakafuni, polepole, akashuka.

Klipu ilisambaa kabla hatujakunja nyaya. Mgeni wa Dar aliaga kwa heshima, na kazi akapewa mwingine. Nilimwambia mkurugenzi aseme ukweli: kwamba mkono ulikuwa wake na kitufe kilikuwa sicho. Akanijibu kwamba klipu ile imetazamwa kuliko kitu chochote tulichowahi kutengeneza, na kwamba nisiharibu. Niliacha kazi pale pale, na maneno niliyomwambia siyaandiki hapa, lakini siyajutii.

Maikrofoni ya jukwaani huwa inarekodiwa peke yake, kabla ya kufika kwenye vitufe. Kwa hiyo ninayo sauti yake ya dakika ile, bila ala, ikiendelea na ubeti wa pili huku ukumbi ukiwa kimya, haikutetereka hata kidogo mpaka kelele zilipoanza. Nilimpigia simu nikamwambia naiweka mtandaoni leo hii.

"Usiiweke, kaka."

"Kwa nini? Huu ni ushahidi."

"Watasema umeitengeneza. Halafu mstari wa mbele walikuwa karibu, walinisikia kwa masikio yao. Ulisikia mmoja wao akisema?"

Sikusikia. Sasa anaimba kwa Kiingereza kwenye ukumbi mdogo wa mashariki mwa jiji, na jukwaani Kiswahili amekiacha. Mimi anaongea nami kama zamani.

Juzi, kwenye kituo cha basi cha Kilburn, nilikutana na mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele siku ile, muuguzi mstaafu, mtu wa dini, mwenye heshima zake. Tukasalimiana. Nikamwuliza kama walimsikia dada.

"Tulimsikia, mwanangu," akasema. "Sauti nzuri, jamani. Lakini ungefanyaje? Watu walikuwa wanafurahi."

"Ungesimama."

"Nisimame peke yangu?" Akarekebisha mtandio. "Mwambie asitukasirikie."

Nikatoa simu, nikamwambia nampigia sasa hivi, amwambie mwenyewe. Basi likaja. Alipanda haraka bila kuniaga, na basi lile nalijua, haliendi kwake.