Mahindi ya Uwanja wa Kupimia

Albano alikuwa mtu wa kujisikia, na sitamsafisha kwa sababu tu yaliyompata yalikuwa mabaya. Pale kiwandani Chang'ombe sisi wengine tulikuwa tunaunga waya za redio kwa solda. Yeye alikuwa mpimaji, na hakutuacha tusahau. Redio, ingawa kazi yake ni kupokea, nayo hutoa mawimbi yake chini kwa chini. Yakizidi yanawavuruga marubani wanaozungumza na uwanja wa ndege. Kwa hiyo Albano aliweka redio juu ya meza ya mbao kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda, akasimamisha antena upande wa pili, akasoma mshale wa chombo chake; redio iliyozidi ilirudishwa kwetu itengenezwe. Baadaye redio aliyoipitisha ilipelekwa kituo cha serikali cha Kiwalani, ikapimwa tena na Theonest, Mhaya mmoja mpole wa soksi ndefu, mtumishi wa serikali. Miaka yote majibu yao yalilingana.

Uwanja wa kupimia ulikuwa na sheria zake: kusijengwe kitu, isiegeshwe gari, usipite waya. Ukaja mwaka wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Njaa ilikuwa mlangoni, na kila penye udongo palitakiwa palimwe. Mfaume, mwenyekiti wa tawi la Chama pale kiwandani, alipouliza tutalima wapi, Albano mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono.

"Uwanja wangu upo wazi, Ndugu Mwenyekiti. Sheria inakataza chuma. Mahindi si chuma."

Tulimpigia makofi. Alilima yeye, akapalilia yeye, akamwagilia kwa mpira wa kiwanda, akabakiza ujia mwembamba wa kupita. Mahindi yakampita kichwa. Jioni alimleta mkewe, Rosalia, ayatazame, kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani.

Ndipo Kiwalani wakaanza kurudisha redio. Kwa Albano zilikuwa kimya, kwa Theonest zilipiga kelele, na ni redio zilezile. Mfaume akamsimamisha Albano mbele ya mkutano wa wafanyakazi.

"Nani kakutuma uharibu jina la kiwanda?"

"Mie napima kama siku zote, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi Theonest aje apime hapahapa, tujue mwongo nani. Akiwa ni wewe, wewe ni mhujumu. Utafungasha virago."

Hapakuwa na neno baya kuliko hilo siku zile. Mhujumu hakuwa na kazi, na asiye na kazi hakuwa na chumba kwenye kota za kiwanda.

Theonest alikuja na vyombo vyake. Hakufika hata mezani. Alisimama mbele ya mahindi, akashika jani moja.

"Ndugu Albano, haya yamejaa maji. Yanameza mawimbi kabla hayajafika kwenye antena."

Nilimwona Albano akifumba macho. Alielewa palepale. Lakini Mfaume naye alikuwa amesikia.

"Unasema mahindi ya Chama yanafanya hujuma?"

Theonest aliangalia viatu vyake. "Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Sijasema hivyo. Labda mpimaji hakuwa makini." Akafunga vyombo vyake bila kuviwasha, akaondoka. Yule mtu namchukia mpaka leo.

Albano akaingia stoo, akatoka na panga. Aliyakata mahindi yake mwenyewe, mstari kwa mstari, sisi tukipiga kelele aache. Alipomaliza aliweka redio mezani, akawasha chombo, na mshale ukapanda.

"Njooni muone! Ni kama Kiwalani! Njooni!"

Hakuna aliyekwenda. Tulikuwa tunatazama mahindi yaliyolala chini, punje bado zina maziwa, mwaka wa njaa. Mgambo walimfunga mikono kwa mpira uleule wa kumwagilia. Mchuma janga hula na wa kwao: jioni ile Rosalia alikuwa barabarani na masufuria yake, chumba kimefungwa kufuli. Sisi tulichoma yale mahindi. Yalikuwa matamu.

Mpimaji mpya, Adelard, alikuta uwanja mweupe. Vipimo vyake na vya Kiwalani vikalingana tangu siku ya kwanza. Mfaume akasimama mkutanoni: "Mmeona wenyewe, ndugu? Mhujumu katoka, vipimo vimenyooka." Tukapiga makofi, na Theonest, mgeni wetu wa heshima, akapiga kwa nguvu kuliko wote.

Albano alipoachiwa alikuja kunisubiri getini. Alikuwa amekonda, shati lilimpwaya.

"Dada, vipimo vya siku hizi vinasemaje?"

"Vinalingana."

Uso wote ulimchangamka. "Si nilisema! Si nilisema mie! Sasa watajua."

"Washajua," nikamwambia. "Kwamba ulikuwa wewe."