Uji Ambao Sikuunywa

Daktari aliniambia mkojo ungenisumbua miezi michache tu. Tezi dume ikishatolewa, alisema, misuli hujifunza kazi upya. Akanionyesha mazoezi ya kukaza na kulegeza, nami nikayafanya kwa bidii, nimekaa dukani nyuma ya magunia, nakaza, nahesabu hadi kumi, huku nikimuuzia mtu mbegu za mahindi. Saratani ilipona. Misuli haikujifunza chochote. Huu ni mwaka wa tano.

Acheni niseme ilivyo, maana watu hudhani ni kukimbilia choo mara kwa mara. Hapana. Kukimbilia choo ni mambo ya mtu anayejua kwamba mkojo unakuja. Mimi nikiinuka kitini, umetoka. Nikikohoa, umetoka. Nikiinua mfuko wa mbolea, ambao zamani nilikuwa nautupa begani bila kufikiri, umetoka. Ninavaa nepi za watu wazima. Mke wangu huzinunua katikati ya mji, mbali na kwetu Munyaka, kwenye duka la dawa ambako hakuna anayetujua, na huzileta zimefichwa ndani ya mfuko wa unga. Nina bahati moja ya kipumbavu: ninauza mbolea, na mbolea ina harufu yake. Dukani hakuna aliyewahi kukunja pua kwa ajili yangu.

Miaka hiyo yote waliojua ni mke wangu na ndugu yangu mdogo aliyenipeleka hospitalini. Watoto waliambiwa baba amefanyiwa upasuaji na amepona, mshukuruni Mungu. Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Mimi ni mtu wa majivuno, sikatai.

Halafu binti yangu, kifungua mimba wangu, akaleta mchumba.

Kijana alikuwa mtu wa kabila jingine, kutoka magharibi mwa nchi, karani katika chuo kikuu pale Chepkoilel, mpole, anayefuta viatu vizuri kabla ya kuingia nyumba ya watu. Sikuwa na neno naye. Hilo ningependa lieleweke kabla ya mengine yote. Niliyekuwa na neno nayo ni siku yenyewe, ile ya wazee wao kuja kwetu kuongea mambo ya ndoa, kwa sababu kwetu mambo hayo hayana haraka. Watu hukaa. Huongea kwa kuzunguka, hula, huongea tena, na baba wa msichana habanduki kitini. Mwishoni msichana huitwa, huulizwa mbele ya wote kama wageni wapokelewe, na jibu lake si la maneno. Hupewa kibuyu, zamani kilikuwa cha pombe, kwetu sisi watu wa kanisa ni cha uji. Anaonja kidogo, kisha anampa baba yake. Baba akinywa, yamekwisha, wamekuwa watu wetu. Asipokunywa, hakuna asiyeelewa.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Tangu jana yake sikunywa hata maji ya kumezea dawa. Nilivaa nepi mbili, suruali nyeusi ya suti na koti refu, nikachagua kiti kilicho karibu na mlango wa kwenda vyumbani. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nilikuwa mkavu, na nikaanza kujisifu moyoni.

Aliyeniangusha ni baba wa kijana. Mzee huyo nilimpenda tangu alipoingia. Alikuwa rika langu, mrefu, kofia yake ameishika magotini kwa mikono miwili, na alikuwa mcheshi kupindukia. Alitusimulia habari za ng'ombe wake aliyekataa kupanda lori, mpaka dereva, alipokwisha kuchoka kumpiga, akaanza kumbembeleza kwa jina la mkewe mwenyewe. Nilicheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu hospitali. Nilicheka mpaka nikahisi ujoto ukishuka paja la kushoto, halafu la kulia, na hakuna kukaza kulikosaidia.

Hapo ndipo binti yangu akaingia na kibuyu.

Alipiga magoti, akaonja. Akaniangalia akitabasamu, uji kidogo umebaki juu ya mdomo, akanikabidhi. Wote wakageuka kunitazama. Nilihisi unyevu umefika kwenye kitambaa cha kiti, kile cheupe alichokifuma mama yake, nikajua kwamba dakika moja zaidi na harufu ingewafikia. Niliweka kibuyu mezani kikiwa kimejaa. Nikalifunga koti, nikatoka ubavu ubavu nikifuata ukuta, bila neno. Mke wangu alielewa. Aliinuka akaja kukalia kiti changu kabla mtu hajakitazama.

Nilidhani ningejisafisha na kurudi. Lakini suruali nyeusi nilikuwa nayo moja tu. Ningerudi na ile ya khaki ya dukani, kila mtu angejua kuna jambo. Basi nikabaki chumbani nimejifunga shuka. Nilimsikia ndugu yangu akiwaambia wageni kwamba nimeshikwa na tumbo, na kwamba atakunywa kwa niaba yangu. Akanywa. Sikusikia kigelegele hata kimoja.

Wageni walipoondoka, binti yangu alikuja akasimama nje ya mlango wa chumba.

"Dadi, ni juu ya kabila yao?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, mlango katikati.

"Si uniambie tu. Ni kabila?"

Nilinyamaza. Sikusema ndiyo. Lakini mji huu umeona watu wakichomeana nyumba kwa ajili ya kabila, na mzee wa umri wangu akinyamaza mbele ya swali kama hilo, amejibu. Nililijua hilo. Nilisimama na shuka yangu nikapima: mzee mkabila watu humchukia, lakini humwogopa. Mzee anayejikojolea wanamhurumia. Nikachagua. Sijawahi kufanya ubaya mkubwa kuliko huo, na ulinichukua dakika moja.

Walioana. Ndugu yangu ndiye aliyemshika mkono kumwingiza kanisani, mimi nilikaa safu ya tatu. Chepkoilel si mbali na kwetu, lakini katika miaka miwili binti yangu alikuja mara nne, na mumewe hakuingia ndani hata mara moja. Alimleta, akamsubiri ndani ya gari nje ya geti. Nilikuwa nikimwona kupitia pazia, ameegemeza kichwa, anangoja. Mke wangu alinisihi mpaka akachoka. "Mzee, hiyo siri itakumaliza kuliko huo ugonjwa," aliniambia.

Mwezi uliopita baba wa kijana alifariki. Binti yangu alimpigia mama yake simu, na kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika, nilisikia.

"Mwambie Dadi asisumbuke kukuja matanga. Watu wa huko hawajasahau."

Nilichukua simu mkononi mwa mke wangu, nikamwomba apitie nyumbani kabla hawajasafiri. Alikuja kesho yake saa nne asubuhi. Hakutaka kukaa. Nilimwambia kila kitu nikiangalia sakafu, hadi nepi, hadi suruali moja nyeusi.

Alilia, lakini kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

"Kwa hivyo uliona afadhali niamini unachukia bwanangu, kuliko nijue umejikojolea?"

"Ndiyo," nilisema.

"Ulifikiria nitakucheka?"

"Nilifikiria utanihurumia."

"Nakuhurumia, Dadi. Na sijui kama nitakusamehe."

Niliinuka niende kwa mumewe. Nilipoinuka mkojo ukatoka, kama kawaida yake, na safari hii sikurudi kubadilisha. Nilivuka uwanja nikiwa hivyo hivyo. Alikuwa ndani ya gari amevaa suti nyeusi. Akateremsha kioo.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

Nilimpa pole. Nikamwambia sikumkataa yeye wala baba yake, kwamba baba yake nilimpenda, na nikamweleza kilichonitoa kwenye kile kiti. Yalikuwa maneno machache sana. Aliniangalia usoni, macho yakashuka kwenye suruali yangu, akayaondoa haraka kwa heshima. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Baba alikuwa ananiuliza kila saa alikukosea nini," alisema. "Alidhani ni kitu alisema. Tangu hiyo siku hakuwahi kuchekesha watu tena, hata kwa harusi yetu. Mpaka hospitali, wiki ya mwisho, bado alikuwa ananiuliza."

Nilimuuliza alikuwa akimjibu nini.

"Nilimwambia sijui."